Kutoka chuo kikuu hadi nyumba ya wageni Lushoto: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wahadhiri wenzangu wanaokaribia kustaafu huniuliza jinsi ya kufungua nyumba ya wageni kijijini, ile ya kitanda na kifungua kinywa tu. Nilifundisha botania, sasa ninapokea wageni katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Ninayoeleza hapa yanafaa zaidi mahali pa baridi na ukungu kama kwetu. Mgeni analipia usingizi wake na asubuhi yake. Shilingi ya kwanza iende huko, kabla ya bustani, bango na televisheni.

Hatua ya 1: Zilinde fedha za uzeeni

Pensheni ya mwezi ni ya chakula chako na dawa zako. Isilipe mshahara wa mfanyakazi hata mmoja. Fungua akaunti nyingine ya biashara, weka humo sehemu ya mafao uliyokubaliana na mwenzi wako, na ikiisha, ujenzi usimame. Anza na vyumba vitatu hata kama kiwanja kinabeba kumi.

Hatua ya 2: Kaa pale unapotaka kujenga, masika na kipupwe

Kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, na gari lolote linafika. Shida ni kile kipande cha udongo kutoka lami hadi mlangoni kwako. Kipitie mwezi wa Aprili kwa gari dogo kabla hujalipia kiwanja. Julai angalia jua linapiga upande gani wa nyumba, maji ya bomba yanakatika saa ngapi, na simu inashika wapi.

Hatua ya 3: Vibali na majirani

Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato, kisha leseni ya biashara halmashauri. Iko pia leseni ya utalii ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ukaguzi wa Zimamoto, na afisa afya atakayeangalia jiko na vyoo. Mpishi apimwe afya. Anza kwa afisa biashara wa halmashauri akuandikie orodha yote na ada za mwaka huo.

Kitabu cha wageni kiwe mezani siku zote: jina, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho au pasipoti. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na majirani, uwaambie wazi kwamba kwako chumba hakipangishwi kwa saa. Likijulikana hilo, wazazi wataleta watoto, na masheikh na wachungaji watalala kwako bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Kitanda kikavu, maji ya moto

Adui wa nyumba ya wageni milimani ni unyevu. Kabati lisigusane na ukuta. Acha nafasi ya kiganja hewa ipite. Kitanda kiwe na chaga, godoro lisilazwe juu ya mbao zilizobanana. Nunua godoro la sponji nzito, inchi 8, na blanketi mbili kwa kila kitanda. Shuka ziwe jozi tatu: moja kitandani, moja kwenye kamba, moja kabatini. Ukungu wa Juni hautakausha kitu nje, kwa hiyo jenga kibanda cha kuanikia chenye bati linalopitisha mwanga na pande zilizo wazi. Ni kibanda cha bei ndogo, na kwangu kina thamani kuliko ukumbi.

Tundika vyandarua hata kama jirani atasema huku juu hakuna mbu.

Kwa maji, kadiria lita 100 kwa mgeni kwa siku. Wageni sita ni lita 600; ongeza 400 za jiko na kufua. Tanki la lita 5,000 litakuvusha siku tano bomba likikauka. Hita ya bafuni inayochemsha papo hapo hula hadi kilowati 5.5, yaani kama ampea 24, kwa hiyo kila moja iwe na waya wake wa milimita 4 za mraba, swichi yake na ethi (waya wa ardhini) iliyopimwa. Mwite fundi umeme mwenye leseni, usikubali anayeunganisha hita kwenye waya wa taa. Umeme ukikatika, pipa la maji lililojengewa juu ya jiko la kuni litakuokoa.

Hatua ya 5: Kifungua kinywa cha hapa hapa

Mgeni hakupanda milima kuja kula soseji za friji. Mpe chai ya maziwa yenye tangawizi, uji wa ulezi, mayai ya kienyeji, viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, chapati iliyotoka kikaangoni sasa hivi, parachichi na asali. Plamu na pichi zikiiva, jaza bakuli na nyingine pika jamu. Mkate na jibini vinapatikana shamba la Irente, karibu na Lushoto mjini. Nunua kwa majirani, ulipe taslimu siku hiyo hiyo. Mama wa mayai akikuamini, mayai mazuri yataanza kwako.

Muulize mgeni jioni: atakula saa ngapi, na ni chakula gani asichokula? Anayekwenda kutembea msitu wa Magamba atataka kula saa kumi na mbili na nusu. Ramadhani, aliyefunga mpikie daku kwa moyo ule ule, bila kumwongezea bei.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya chumba kimoja

Tuseme chumba cha watu wawili ni shilingi 60,000. Kifungua kinywa 12,000. Kufua na sabuni 4,000. Umeme na maji 4,000. Mtandao wa kuwekea nafasi ukikata asilimia 15, ni 9,000. Kimebaki 31,000. Mishahara, ada na matengenezo vikiwa 930,000 kwa mwezi, unahitaji kuuza usiku 30 kati ya 90 za vyumba vitatu kabla ya kupata faida. Weka namba zako mwenyewe. Masika vyumba vikiwa vitupu, funga kimoja kimoja upake rangi.

Hatua ya 7: Toa elimu yako kwa kipimo

Hapa ndipo miaka ya chuoni inapofaa, ila mgeni amekuja kupumzika. Mweleze anapouliza. Saintpaulia, lile ua dogo linalofugwa kwenye vyungu Ulaya, ni la milima hii. Lilipewa jina hilo mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao. Ukiulizwa historia, mfalme Kimweri ye Nyumbai aliitawala Usambaa, nchi ya Wasambaa, kutoka mji wake wa Vuga. Mgeni akitaka zaidi, muunganishe na muongozaji wa kijijini mwenye kibali, anayejua njia za msituni na majina ya Kisambaa ya miti. Bei waelewane wenyewe mbele yako, na fedha yote imfikie muongozaji mkononi. Usikate kamisheni.