Somo: Namna ya Kujifunza Kazi ya Dagaa Ukitembelea Mwanza

Kila likizo inapokaribia ninaulizwa jambo lile lile, hivyo nimeona niliandike mara moja, ili mgeni anayetaka kuona dagaa wakitoka majini hadi kwenye gunia asirudi kwao na picha za Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani Mwanza, peke yake.

Hatua ya 1. Anzia mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, ya Igombe au Kayenze kwenye Ziwa Victoria. Soko la Kirumba Mwaloni liache liwe la mwisho, kwa kuwa huko utakuta dagaa waliokwisha kukauka.

Hatua ya 2. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Hapa ndipo nilipoharibu safari yangu ya kwanza: nilifika mwezi ukiwa mpevu, nikakaa siku tatu nikitazama mitumbwi iliyofungwa na vijana wanaoshona nyavu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola, ambazo huwavuta wadudu na dagaa wenyewe juu ya maji. Mbalamwezi ikitawala, taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Njoo wakati wa giza. Usidanganywe na mwenye nyumba ya wageni anayesema dagaa wapo kila siku, maana anauza kitanda.

Hatua ya 3. Jitambulishe kwa viongozi wa mwalo kabla ya kutoa simu yako kupiga picha.

Hatua ya 4. Fika kabla jua halijachomoza.

Hatua ya 5. Fuata dagaa hadi wanapoanikwa. Wanaotandazwa chini hubeba mchanga, ilhali walio juu ya chanja hupata hewa pande zote na hukauka upesi. Omba kazi ya kugeuza. Akina mama wanaoanika hueleza mengi mikono yako ikiwa na shughuli.

MASWALI

Swali: Ndugu, nikija Jumamosi yoyote nitawakuta?
Jibu: Soma hatua ya 2.

Swali: Hayo ya mwezi si imani za wazee tu?
Jibu: Imani haikunigharimu nauli, mwezi ulinigharimu. Nimekwisha kueleza sababu.

Swali: Samahani mwalimu, nina likizo wakati wa mwezi mpevu tu. Je, nisije?
Jibu: Njoo, dada. Sangara huvuliwa kwa nyavu za kutega na kwa ndoano, bila taa. Uliza pia habari za mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki huyo, ambavyo husafirishwa hadi Asia, na za mapanki, mifupa inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa.

Swali: Nitajuaje kuwa dagaa amekauka?
Jibu: Mkunje. Akivunjika yuko tayari, akipinda mrudishe juani.

Mchango wa mwanachama: Msimu wa mvua bebeni turubai, kwani wingu likitanda kila mtu hukimbilia chanja, na mgeni mwenye turubai hupewa chai.