Jinsi ya kuomba kibali cha risasi za kaliba adimu ukiwa Tanga

Mwongozo huu ni wa aliyeachiwa bunduki ya zamani na marehemu, anataka kuimiliki kihalali, kisha apate risasi zake kwa bei inayobebeka. Kaliba ni kipimo kinachosema bunduki inatumia risasi ipi, na mfano tutakaoutumia ni kaliba ya 9.3x62. Risasi hii ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, ikikusudiwa wakulima na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa Afrika, kwa hiyo si ajabu kuikuta katika mkoa uliolimwa mkonge tangu enzi za Mjerumani. Ajabu ni kuikuta dukani. Maduka ya silaha hupenda kuweka .375, .30-06, .308 na risasi za shotigani, kwa kuwa ndizo zinazotoka.

Kwanza tuondoe jambo moja njiani. Ukiandika 9.3x62 kwenye intaneti utaletewa maduka ya Ujerumani na Marekani yenye bei nzuri na kitufe cha kununua. Usikibonyeze. Risasi ni milipuko, na mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unakataza milipuko kwenye vifurushi vya posta. Muuzaji wa Ulaya naye hawezi kuitoa nje ya nchi yake bila kibali cha kusafirisha, na kibali hicho hakitolewi mpaka aonyeshe kibali cha kuingiza kilichotoka Tanzania. Kazi ya intaneti hapa ni kupata jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na bei ya kulinganisha. Ununuzi wenyewe unapitia kwa muuza silaha mwenye leseni.

Bunduki kwanza, risasi baadaye

Bila leseni yenye jina lako hakuna risasi, hata moja. Leseni ya marehemu haihami pamoja na bunduki. Ukiikuta bunduki ndani ya nyumba ya msiba, usiifungie kabatini ukingoja arobaini ipite, wala usiibebe mwenyewe kwenye bodaboda hadi kituoni. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu (kwa walio mjini wengi huenda Chumbageni), toa taarifa, waambie ipo wapi, waje waichukue au wakuelekeze namna ya kuifikisha. Risasi zilizokutwa nayo zikabidhiwe siku hiyo hiyo, zihesabiwe mbele yako. Usiondoke bila hati ya mapokezi yenye namba ya bunduki, kaliba na idadi ya risasi. Karatasi hiyo ndiyo itakayofungua jalada lako.

Wakati bunduki iko ghalani polisi, shughulikia mirathi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo maombi hujazwa kwa Fomu Na. 1, na msimamizi akishateuliwa hupewa Fomu Na. 4. Orodha ya mali inaandikwa kwenye Fomu Na. 5, na humo ndimo bunduki inapotakiwa ionekane kwa namba yake. Familia nyingi huandika nyumba, shamba na ng'ombe, bunduki wakaisahau kwa kuwa iko polisi. Matokeo yake mwombaji anafika mbele ya kamati ya ulinzi na usalama akiwa na fomu isiyoitaja mali anayoiomba, anarudishwa mahakamani. Kama warithi ni zaidi ya mmoja, andaeni muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema nani ameachiwa bunduki, wote wakitia saini.

Kaliba ithibitishwe kabla ya barua ya maombi

Hapa ndipo maombi mengi ya kaliba adimu yanapoharibikia. Leseni itaandika kaliba uliyoitaja, na kibali cha risasi kitafuata leseni. Ukiandika "9.3" peke yake umeandika nusu ya jina. Ipo 9.3x62, ipo 9.3x64 ya Brenneke, ipo 9.3x74R ya bunduki za mitutu miwili. Upana wa kichwa cha risasi ni ule ule, maganda hayafanani na hakuna inayokaa kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapoingia risasi) ya mwenzake ipasavyo.

Kaliba ya milimita nane ni mbaya zaidi. 8x57 ya zamani, inayoandikwa kwa herufi I au J, ina kichwa chenye upana wa inchi 0.318. Ile ya baadaye, 8x57 IS au JS, ina 0.323. Ganda ni moja, kwa hiyo risasi nene inaingia kwenye chemba ya bunduki ya mtutu mwembamba bila kukwama, na ukifyatua shinikizo linapanda kupita kiasi mtutu ulichotengenezewa. Herufi moja tu ya S.

Usiamini maandishi ya kwenye boksi kuukuu lililokutwa na bunduki, wala kumbukumbu za mjomba. Alama za ukaguzi za bunduki za Kijerumani mara nyingi ziko chini ya mtutu, zimefunikwa na mti, hivyo lazima kitako kifunguliwe. Omba kituoni bunduki ikaguliwe na mtaalamu wa silaha wa polisi au fundi silaha mwenye leseni. Alama zikiwa zimefutika, fundi achukue umbo la chemba na kupima. Baadhi ya bunduki hizi zilibadilishwa kaliba huko nyuma na alama ya zamani ikaachwa ilivyo, kwa hiyo kipimo kina nguvu kuliko mchoro. Taarifa yake iandikwe, iwe na namba ya bunduki, na iingie kwenye jalada.

Barua na ngazi zake

Umri usiopungua miaka 25, akili timamu, kutokuwa na rekodi ya jinai, kujua kutumia silaha na kuwa na mahali salama pa kuitunza: hayo ndiyo yanayopimwa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Barua inaelekezwa kwa Mrajisi wa Silaha, Makao Makuu ya Polisi, lakini haiendi moja kwa moja. Inaanzia serikali ya mtaa au kijiji, inapita kata, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, kisha mkoani, ndipo Makao Makuu. Mkazi wa Makorora na mkazi wa Lushoto wanapita ngazi zile zile, ila wa Lushoto anaanzia wilayani kwake, si Tanga mjini.

Kichwa cha barua kiwe kamili namna hii:

Yah: Maombi ya kumilikishwa bunduki ya marehemu (jina), aina ya Mauser, Na. (namba), kaliba 9.3x62

Ndani eleza kazi yako, sababu ya kuihitaji, na utakapoitunza. "Kwa usalama wangu" ni sababu dhaifu kwa bunduki ya namna hii. Mwenye shamba linaloingiliwa na nguruwe pori aseme shamba liko wapi na ekari ngapi. Ambatisha nakala ya kitambulisho cha taifa, picha, Fomu Na. 4 na Na. 5, muhtasari wa ukoo, hati ya mapokezi, taarifa ya ukaguzi, na leseni ya marehemu kama ipo. Uliza pia kama bunduki ilipitishwa kwenye uhakiki wa silaha za raia wa mwaka 2016. Kama haikupitishwa, sema mapema na ueleze kwa nini, maana ikigunduliwa wilayani jalada litalala. Jiandae kwa alama za vidole. Cheti cha daktari kikitakiwa, hospitali ya Bombo itakufaa.

Malipo yote ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, benki au kwa simu. Anayekutaka umpe taslimu "akusaidie kusogeza jalada" hasogezi chochote.

Kupata risasi zenyewe

Leseni ikishatoka, soma idadi ya risasi unayoruhusiwa kuwa nayo. Oda yako isivuke hapo, ukijumlisha na zile ulizonazo.

Anza kuulizia Shirika la Mzinga, Morogoro, kisha kwa wauza silaha wenye leseni Dar es Salaam. Uliza kwa jina kamili la kaliba, uzito na aina ya kichwa: kwa 9.3x62 uzito wa kawaida wa kichwa ni greni (kipimo cha uzito wa risasi) 285 au 286, na kwa nguruwe au swala unataka kichwa laini kinachotanuka, si kigumu. Wasipokuwa nazo, muuza silaha ndiye anayeomba kibali cha kuingiza, akiambatisha nakala ya leseni yako.

Sasa bei. Sellier & Bellot wa Ucheki na Prvi Partizan wa Serbia wote hutengeneza 9.3x62 na kwa kawaida huwa nafuu kuliko watengenezaji wengine kama Norma na RWS. Lakini tofauti hiyo humezwa na gharama zisizojali umeagiza ngapi: kibali, wakala wa forodha, na usafirishaji wa mzigo wa hatari, kwa kuwa kwenye orodha ya kimataifa ya mizigo ya hatari risasi huainishwa UN 0012, daraja la 1.4S, na si kila shirika la ndege hupokea. Boksi moja la risasi 20 likibeba gharama hizo peke yake, kila risasi inakuwa ghali mno. Njia ya kweli ya kushusha bei ni kumuomba muuza silaha akusanye oda za wenye kaliba hiyo hiyo, au aingize maboksi yako ndani ya mzigo wake mkubwa wa .375. Itakubidi usubiri mpaka mzigo huo uagizwe.

Ukipewa ankara, hakikisha inaonyesha bei ya kiwandani, nauli, bima na kodi, kila kimoja peke yake. Namba ya forodha ya risasi za bunduki ni 9306.30, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo uliofika pamoja na ushuru. Akikupa jumla tu, huna la kulinganisha.

Mtu atakwambia Horohoro si mbali, avuke akakuletee kutoka Kenya. Risasi iliyovuka mpaka bila kibali ni kosa la jinai hata kama bunduki yako ina leseni safi, na wewe mpokeaji umo.

Siku ya kuchukua

Fungua boksi dukani. Angalia kitako cha ganda: pamechongwa jina la kaliba, nalo lifanane herufi kwa herufi na leseni. Hesabu. Hakikisha ununuzi umeandikwa kwenye kumbukumbu zako na stakabadhi ina namba ya leseni. Ukipanda basi kurudi Tanga, boksi likae nawe na karatasi zake, usilitume kama kifurushi kwa kondakta. Kwenye kizuizi cha polisi Segera si yeye atakayeweza kulieleza.

Nyumbani, zitunze mbali na bunduki, kila kimoja na kufuli lake. Hewa ya pwani hii ina chumvi na unyevu, na shaba haivumilii. Ziache ndani ya boksi lao, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Usizipake mafuta, yanaweza kupenya hadi kwenye fataki, yaani kiwashio cha kwenye kitako cha ganda, ikashindwa kuwaka. Wala usiziweke kwenye mkanda wa ngozi: ngozi huotesha kutu ya kijani kwenye ganda, na risasi yenye kutu hiyo huweza kung'ang'ania kwenye chemba. Zilizoharibika zirudishwe polisi kwa maandishi, ili zitoke kwenye hesabu yako kabla hujaomba nyingine.