Redio ya betri nne kwenye betri ya sola: ifunge na regulata ya 7806

Redio ya mezani inayotumia betri kavu kubwa nne inahitaji volti 6. Betri ya sola ikiwa imejaa na imetulia ina kama 12.8, na mchana panel ikiichaji inafika 14.4 hivi. Wengi hujaribu kupunguza kwa rezista moja. Haifanyi kazi, kwa sababu redio haili umeme kwa kiwango kimoja: ukiongeza sauti ampea zinapanda na volti zinashuka, redio inakoroma, ukipunguza sauti, volti zinapanda kuelekea 12 na kilichomo ndani kinaungua. Regulata hushikilia volti 6 hata mzigo ukibadilika.

Kuna watakaokuambia ununue moduli ya kisasa ya kupunguza volti, ya LM2596, kwa kuwa haipotezi umeme mwingi. Kwa simu nakubali. Kwa redio, hapana. Moduli ile huwasha na kuzima umeme mara 150,000 kwa sekunde, na makelele yake yanaingia AM na SW kama mluzi usiokwisha. 7806 ni ya zamani na inapoteza umeme kama joto, lakini iko kimya. Hasara yenyewe si ya kutisha: redio inayokula ampea 0.15 kwa saa sita inachukua chini ya ampea-saa 1 kwenye betri.

Hatua ya 1: Pima redio inakula kiasi gani

Usikisie. Weka betri kavu nne zenye moto kwenye redio. Kata kipande cha kadi ngumu, upande mmoja bandika waya uliochunwa, upande wa pili mwingine, kisha kichomeke kati ya betri ya mwisho na springi yake. Sasa umeme lazima upite kwenye zile nyaya mbili. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, geuza kitufe kwenye ampea za DC, unganisha, washa redio na upandishe sauti hadi mwisho kwenye muziki wenye besi. Andika namba kubwa uliyoiona.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukienda kupima betri ya sola mita ikiwa bado kwenye ampea, umepiga shoti.

Hatua ya 2: Hesabu joto kabla ya kushika risasi ya kulehemu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Toa volti zinazotoka kwenye zinazoingia, zidisha kwa ampea: hizo ndizo wati ambazo regulata itazigeuza joto. Tumia hali mbaya zaidi, yaani mchana betri ikichajiwa. Kama redio yako ilionyesha 0.3: 14.4 toa 6 ni 8.4, mara 0.3 ni kama wati 2.5.

Regulata ya umbo lile lenye ulimi wa chuma na tundu la skrubu, ikiwa peke yake hewani, hupanda kama nyuzi joto 65 kwa kila wati. Kwa wati 2.5 ni nyuzi 160 juu ya joto la chumba. Haifiki huko, ina kinga ndani, itajizima, ipoe, iwake tena, nawe utadhani redio ndiyo mbovu. Kwa hiyo ifunge kwenye bati la kupozea. Kipande cha alumini nene ya milimita 2, ukubwa wa kiganja, kinatosha kwa redio nyingi. Au ng'oa la pawasaplai ya kompyuta iliyokufa. Paka mafuta ya kupozea kidogo tu katikati, kaza skrubu.

Ulimi wa 7806 umeungana na hasi ndani kwa ndani. Bati lisiguse chuma kingine, kwa sababu kwenye baadhi ya kontrola za sola (kile kisanduku kilicho kati ya panel, betri na mzigo, yaani vifaa vinavyokula umeme) hasi ya mzigo si sawa na hasi ya betri.

Hatua ya 3: Unganisha

Shika regulata maandishi yakikutazama, miguu chini. Kushoto ni umeme unaoingia, katikati hasi, kulia volti 6 zinazotoka. Usiichanganye na 7906, ambayo ni ya volti hasi na miguu yake ina mpangilio mwingine.

Kutoka chanya ya mzigo kwenye kontrola, anza na fyuzi ya ampea 1, halafu diodi 1N4007 yenye mstari ukielekea regulata, ndipo mguu wa kushoto. Diodi inaokoa kila kitu siku mtu akigeuza nyaya. Fyuzi iwe karibu na chanzo, si karibu na redio: inalinda waya wote ulio mbele yake, na betri ikipigwa shoti inaweza kuwasha moto.

Kati ya mguu wa kushoto na wa katikati weka kapasita ya mikrofaradi 0.33, iliyoandikwa 334. Kati ya wa kulia na wa katikati weka ya 0.1, iliyoandikwa 104. Zilehemu karibu kabisa na miguu.

Chukua umeme upande wa mzigo wa kontrola, usiende moja kwa moja kwenye betri. Regulata inaficha uchovu wa betri: redio itaimba vizuri vilevile hata betri ikiwa inakufa, na kontrola ndiyo itakayokata.

Hatua ya 4: Jaribu bila redio

Pima kinachotoka. Kati ya 5.75 na 6.25 ni sawa. Nje ya hapo, kagua miguu. Miguu ikiwa sawa na volti bado ziko nje, huenda regulata ni feki, na feki zimejaa madukani, kwa hiyo nunua mbili. Kisha weka rezista ya omu 22, wati 5, kama mzigo. Itakula kama ampea 0.27. Subiri dakika 20, uguse bati. Kama kidole hakivumilii sekunde chache, ongeza bati.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye redio

Kama ina tundu la DC, soma mchoro ulio pembeni yake. Redio nyingine chanya iko katikati, nyingine iko nje. Kama haina, lehemu kwenye vituo viwili vya mwisho vinavyokwenda kwenye ubao, na utoe betri kavu zote. Zikibaki zitachajiwa kwa nguvu na kuvuja maji yanayokula chuma.

Ukisikia mluzi kwenye AM, zima inveta kwanza, kisha chomoa panel uone. Mara nyingi kelele inatoka huko. Sokota nyaya mbili za redio pamoja na uzipitishe mbali na kontrola.

Na simu je? Usijaribu 7805 kwa kazi hiyo: kwa ampea 1 itachoma wati 8 hadi 9. Chukua chaja ya kawaida ya gari, ile ya tundu la sigara, uiunge upande wa mzigo na fyuzi yake. Ndani yake tayari kuna saketi ya aina ya LM2596, na simu haijali mluzi. Ila ichomoe unapotaka kusikiliza SW.