Kumpima Prince Naseem barazani: ubishi unaofika mahali

Likitajwa jina la Naseem Hamed, bondia wa Uingereza aliyeitwa "Prince Naseem", kwenye baraza la Mikindani au kijiweni Lindi mjini, watu hugawanyika papo hapo. Mmoja anaikumbuka kaptura ya chui na sarakasi juu ya kamba za ulingo. Mwingine anamkumbuka Marco Antonio Barrera wa Mexico, bondia pekee aliyemshinda, basi. Wote wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake, na kahawa inapoa bila kuamuliwa kitu.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, kubalianeni swali. "Nani angempiga nani" ni swali moja. "Siku yake nzuri alikuwa hatari kiasi gani" ni la pili. "Aliacha nini katika ngumi" ni la tatu, na hilo ndilo linalompanga mtu kwenye safu ya wakubwa. Lichukueni hilo, halafu mbaki ndani ya uzito wa unyoya, ambao mwisho wake ni kilo 57.15. Akiingizwa Ali au Tyson, mjadala umekufa, maana hakuna tena kinacholinganishwa.

Leteni daftari. Chora safu nne: mpinzani, tarehe, hali ya mpinzani siku ile, matokeo. Juu kabisa andika jumla: mapambano 37, ushindi 36, kati yake 31 kwa KO (mpinzani hakuweza kuendelea), kupoteza 1. Chini yake andika kwamba alitwaa mkanda wa WBO (kama IBF na WBC, ni shirika linalotoa ubingwa wa dunia) kwa Steve Robinson huko Cardiff, Septemba 1995, akiwa na miaka 21, na akautetea mara 15.

Hapo ndipo wengi husimama, wakidhani hesabu imekwisha. Mtu wa ghalani hapimi korosho kwa kutazama gunia. Anachota sampuli, anazikata, anaangalia kiini. Safu ya tatu ya daftari ndiyo kisu chenu, na msiijaze kwa haraka. Tom Johnson, Februari 1997: bingwa wa IBF tangu 1993, mtu wa kweli, akasimamishwa raundi ya nane. Andikeni kiini kizima. Wilfredo Vázquez, Aprili 1998: jina kubwa, lakini umri ulishavuka miaka 35. Nusu. Vuyani Bungu wa Afrika Kusini, Machi 2000: bingwa mzuri sana, ila alipanda kutoka uzito wa chini, akaangushwa raundi ya nne. Nusu na kidogo. Wayne McCullough na César Soto walimaliza raundi zote 12. Soto alikuwa na mkanda wa WBC, kwa hiyo ushindi ule una uzito, hata kama pambano lenyewe lilikuwa la kushikana na kusukumana.

Kevin Kelley, Madison Square Garden, Desemba 1997, anahitaji muda wenu. Ndani ya raundi nne kila mmoja alianguka mara tatu, na Hamed akamaliza. Upande mmoja utasema "moyo wa simba", mwingine "kidevu wazi". Yote mawili yamo ndani ya pambano moja. Tazameni miguu yake kila anapoanguka: mikono iko chini, kichwa kinarudi nyuma badala ya kwenda pembeni, na miguu haina msingi. Alitegemea macho na wepesi. Konde likimkuta katikati ya kuegemea nyuma, hakuna kinachomshika.

Sasa Barrera, MGM Grand, Las Vegas, tarehe 7 Aprili 2001. Msitumie vipande vya dakika mbili, vinadanganya kwa sababu vinachagua makonde tu na kuacha jinsi mabondia wanavyojipanga ulingoni. Pambano zima ni dakika 47: raundi 12 za dakika tatu na mapumziko 11 ya dakika moja. Pakueni mapema, zimeni sauti ili mtangazaji asiwaamulie, na kila mtu aandike 10-9 yake (10 kwa aliyeshinda raundi, 9 kwa aliyeshindwa) kabla ya raundi inayofuata kuanza. Mtaona Barrera anazunguka kwenda kushoto kwake, mbali na mkono wa kushoto wa Hamed unaoua, anatanguliza mkono wa mbele kwa subira na hamfukuzi. Hamed anabaki kurusha konde moja moja kutoka mbali.

Kuna kosa la hesabu linalojirudia hapa. Majaji wawili walitoa 115-112 na mmoja 116-111, na mtu husema "tofauti ya pointi tatu, lilikuwa la karibu". Raundi ya 12 Barrera alikatwa pointi moja kwa kumgonga Hamed kichwa kwenye nguzo ya kona. Irudisheni: 116-112 ni raundi nane kwa nne, na 117-111 ni tisa kwa tatu. Halikuwa la karibu.

Lakini kupoteza hakumtoi mtu kwenye safu. Pigeni mstari chini ya Barrera muulize: kisha? Azumah Nelson wa Ghana alisimamishwa na Salvador Sánchez raundi ya 15 mwaka 1982, na Desemba 1984 akamwangusha Wilfredo Gómez kwao Puerto Rico na kuwa bingwa wa dunia. Willie Pep alipigwa na Sandy Saddler Oktoba 1948, akarudiana naye Februari 1949 na kushinda. Hamed alipigana mara moja tu baadaye, Mei 2002, akashinda kwa pointi, akaondoka na miaka 28. Hapo ndipo daftari lake linapoishia, na ndiyo sababu hatuwezi kumweka pamoja na Pep, Saddler, Sánchez na Nelson.

Mbwembwe zisiongeze wala kupunguza. Zulia la kuruka aliloingilia kwa Bungu halikumpiga mtu konde. Vilevile, fahari ya kuona mtoto wa Wayemeni, Mwislamu, akijaza kumbi za Uingereza na Marekani ni halali kabisa, na watu wa pwani wana haki ya kuisema. Iandikeni ukurasa mwingine. Huko kuna swali la nani alizifanya ngumi za uzito mdogo ziingize fedha kubwa na watazamaji wengi, na humo atakuwa karibu na juu.

Kwenye ukurasa wa ngumi, kila mtu aandike majina yake 20 ya wakubwa wa uzito wa unyoya kimya kimya kabla ya yeyote kusema. Akianza mwenye sauti kubwa, wengine humfuata. Sisi tunamweka Hamed nje ya kumi bora, ndani ya ishirini: juu ya mabingwa wengi walioshika mikanda kimya kimya, chini ya kila aliyepigwa vibaya akarudi. Atakayemtaka ndani ya kumi ataje jina la kumtoa, na pambano la Hamed linalomtoa.