Kabla ya Kufungua Kichupa cha PD-1

PD-1 ni kipokezi kinachofanya kazi ya breki kwenye seli T za kinga. PD-1 ya binadamu inayotengenezwa kwa uhandisi wa jeni na kuuzwa kwa ajili ya majaribio ya maabara kwa kawaida si kipokezi kizima. Ni ile sehemu inayochomoza nje ya seli T tu, imeachwa bila utando na bila mkia wa ndani unaopeleka ishara. Itashikana na wenzi wake kama PD-L1, protini ya seli nyingine inayoibonyeza breki hiyo, au na kingamwili, basi. Anayetafuta ishara ndani ya seli hana kazi na kichupa hiki.

Kwa hiyo amua jaribio kwanza, agizo lifuate. PD-1 na PD-L1 hushikana kilegevu, kwa kiwango cha mikromola, hivyo molekuli moja moja yenye kishikio cha histidini (mkia mfupi wa asidi amino uliounganishwa ili protini ishikike) husombwa kirahisi wakati wa kuosha sahani. Iliyounganishwa na Fc, yaani shina la kingamwili, hukaa mbilimbili na kushika kwa mikono miwili. Ila Fc nayo ina vituko vyake. Tuseme unaipima pembrolizumab, dawa ya kingamwili inayoshika PD-1, na kingamwili yako ya pili, ile ya kuonyesha dawa iliposhika, inatambua IgG (aina ya kingamwili) ya binadamu: itaikamata Fc ya protini yenyewe, na kila kisima kitawaka, hata kile ambacho hukutia dawa. Chukua Fc ya panya au kishikio cha histidini. Kwenye seli hai, monositi, aina ya chembe nyeupe za damu, huikamata Fc kwa vipokezi vyao, kwa hiyo andaa na Fc tupu ya kulinganishia.

Soma cheti cha uchambuzi cha bachi yako, si tangazo la bidhaa. Je, imewekewa albumini, protini ya kujazia? Albumini huilinda protini isigande kwenye plastiki, lakini ukitaka kuitia biotini, alama ndogo ya kuinasia protini, biotini nyingi itaishia kwenye albumini. Bafa ya Tris (bafa ni kimiminika cha kutunza kiwango cha asidi) nayo huila biotini hiyo. Endotoksini, mabaki ya ukuta wa bakteria, ni muhimu pale tu utakapogusa seli hai, na hapo ni muhimu sana, kwa sababu huziamsha monositi na utadhani ni kazi ya PD-1.

Usishtuke ukiona kwenye jeli bendi pana iliyo juu ya uzito uliokokotolewa. PD-1 ina sehemu nne za kubeba sukari, na seli za HEK293, seli za binadamu zinazotumika kuitengeneza, huzijaza. Iliyotoka kwa bakteria haina sukari hizo.

Siku yenyewe, kiache kichupa kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, kisije kikavuta unyevu. Kizungushe kwenye sentrifuji kidogo, kwani unga hupenda kujificha kwenye kifuniko. Mikrogramu 50 katika mikrolita 250 ni mikrogramu 200 kwa mililita. Fuata kiwango cha cheti. Tiririsha bafa ukutani, ngoja, geuza taratibu. Usitikise kwa mashine: povu huharibu protini. Gawa mafungu ya matumizi ya mara moja, yaandike bachi na tarehe, kisha yagandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza inayojiyeyusha barafu yenyewe haifai.