Ione fotorespiresheni kwa macho: maharage na mahindi ndani ya mtungi mmoja

Vijana wa kidato cha sita ninaowafundisha hapa Moshi wameikariri njia yote ya fotorespiresheni ndani ya vijisehemu vya seli, kloroplasti, peroksisomu hadi mitokondria, ila waulize mmea unapoteza nini, kimya. Jaribio hili halihitaji maabara.

Kimeng'enya cha rubisko hunasa hewa ukaa, lakini wakati mwingine hunasa oksijeni. Hapo mmea unatumia nishati bila faida na kuitoa tena sehemu ya hewa ukaa uliyokwisha kuinasa: hiyo ndiyo fotorespiresheni. Joto likipanda, hasara inazidi. Maharage, kahawa na migomba haina kinga. Mahindi, na miwa kama ile ya kiwanda cha sukari cha TPC hapa Moshi, huisukuma hewa ukaa na kuirundika kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, oksijeni ikakosa nafasi.

Hatua ya 1. Otesha maharage na mahindi kwenye kopo moja, na maharage peke yake kwenye kopo la pili.

Hatua ya 2: mchanga. Wengi wanakwama hapa. Udongo wa kihambani, yaani shamba la nyumbani, una samadi na majani yanayooza, na vijidudu vyake vinatoa hewa ukaa usiku na mchana. Mahindi hayataimaliza, maharage yatanawiri, nawe utasema kitabu kimedanganya. Chukua mchanga wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha uchemshe. Mbolea usitie kabisa. Hata urea ikivunjika hutoa hewa ukaa. Halafu vuta subira: kotiledoni za maharage, yaani yale majani mawili manene ya mbegu, zinyauke na kudondoka kwanza, la sivyo mche utaishi kwa akiba. Zilizodondoka ziokote, zisije zikaozea humo.

Hatua ya 3. Kila kopo liingie kwenye mtungi wake wa kioo. Paka mafuta ya mgando kwenye ukingo, funika. Plastiki mimi siitaki, inapinda na kuvujisha. Usianike juani, mimea itaiva. Weka kivulini, taa ya LED iwake usiku na mchana, kwa sababu gizani mimea yote hupumua tu na hewa ukaa inarudi mtungini.

Hatua ya 4. Subiri, usifungue. Hewa ya nje ina hewa ukaa zaidi ya sehemu 420 kwa milioni. Kwenye nyuzi 25 hivi, maharage yakiishusha hadi karibu 50 yanakwama: yanachonasa ni sawa na yanachopoteza. Mahindi huendelea kunyonya hadi karibu na sifuri. Kwa hiyo kila hewa ukaa inayovuja kwenye jani la harage inaishia kwenye mahindi. Majani ya chini ya maharage hugeuka manjano kwanza, mahindi yakibaki kijani. Yale ya mtungi wa pili huinasa tena hewa yao wenyewe, hivyo hudumu zaidi.

Yakinyauka yote kwa kasi ileile, pima joto la mtungini kabla hujalaumu kitu kingine.