Green card imepotea: jinsi ya kuthibitisha ukaazi wako wa kudumu Marekani

Kadi ikipotea, ukaazi wako bado upo. Hadhi yako imeandikwa kwenye jalada lako serikalini, na kadi ni ushahidi tu wa kilichomo humo. Hata hivyo, sheria inamtaka kila mkaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea atembee na ushahidi huo wakati wote, na anayekutwa bila huo anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi siku 30. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, jiulize unauhitaji ushahidi kwa shughuli gani na kufikia lini. Kadi mpya inaweza kuchukua miezi. Muhuri wa muda hupatikana mapema zaidi. Na kama kadi imekupotea ukiwa nje ya Marekani, utaratibu ni mwingine kabisa.

Tafuta namba ya A

Hii ni namba ya jalada lako la uhamiaji: herufi A ikifuatiwa na tarakimu saba hadi tisa, na karibu kila hatua utaulizwa. Iko kwenye barua za USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji, na kwenye kibali cha kazi cha zamani kama uliwahi kuwa nacho. Walioingia kwa bahati nasibu ya viza au kwa kuitwa na ndugu waangalie ukurasa wa viza ya uhamiaji ndani ya pasipoti. Pale inaitwa namba ya usajili. Ukurasa huo una faida nyingine ambayo wengi hawaijui: ukiwa umegongwa muhuri wa kuingia, wenyewe ni ushahidi wa ukaazi kwa mwaka mmoja tangu tarehe ya muhuri. Mgeni aliyepoteza kadi miezi michache tu baada ya kufika bado ana ushahidi halali mfukoni.

Waliokuja kama wakimbizi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo, hawana viza hiyo. Wao watafute barua ya kukubaliwa kwa fomu I-485, yaani ombi la green card, au I-94, karatasi ya kumbukumbu ya kuingia waliyopewa walipofika. Kama karatasi zote zimepotea, unaweza kuomba nakala ya jalada lako kwa FOIA, sheria inayokuruhusu kuomba kumbukumbu za serikali, kupitia tovuti ya USCIS. Nakala huchelewa, kwa hiyo ombi hilo liende sambamba na hatua nyingine.

Jaza fomu I-90

Hii ndiyo fomu ya kuomba kadi mpya. Fungua akaunti kwenye uscis.gov, tovuti ya serikali yenyewe. Fomu ni bure. Anayekuuzia fomu anakuibia. Kwenye sababu, chagua kwamba kadi imepotea, imeibiwa au imeharibika, hata kama ilikuwa imeisha muda au inakaribia. Ukichagua sababu ya kuisha muda utatakiwa kuambatisha nakala ya kadi. Ukiwa na picha ya kadi kwenye simu, iambatishe hata hivyo. Kama huna, weka kitambulisho cha serikali chenye jina, tarehe ya kuzaliwa, picha na sahihi. Leseni ya udereva inatosha. Jina likiwa limebadilika, cheti cha ndoa au amri ya mahakama iwe pamoja nayo.

Wakimbizi wawe waangalifu na tarehe ya kuanza ukaazi. Watu huandika siku I-485 ilipokubaliwa, ilhali kwa mkimbizi tarehe hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani, na ndiyo iliyokuwa kwenye kadi.

Ada iliyoanza Aprili 1, 2024 ni dola 415 kwa maombi ya mtandaoni na dola 465 kwa karatasi, alama za vidole zikiwemo. Angalia ukurasa wa ada siku ile ile unayolipa. Mwenye kipato kidogo, kwa mfano anayepokea Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anaweza kuomba asamehewe ada kwa fomu I-912, ila hapo itabidi atume kwa karatasi.

Ukiwa na kadi ya miaka miwili kwa sababu ya ndoa, I-90 itakurudishia kadi ile ile na muda wake ule ule. Haiondoi wajibu wa kupeleka I-751, fomu ya kuondoa masharti ya ukaazi, ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha.

Baada ya hapo unapata barua ya kupokelewa yenye namba ya herufi tatu na tarakimu kumi. Ukiitiwa alama za vidole, nenda. Ukikosa bila kutoa taarifa, ombi linaweza kuhesabiwa kuwa limetelekezwa. Ukihama, toa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10. Na jambo dogo linalorudisha kadi nyingi: jina lako liandikwe kwenye sanduku la barua. Kwenye nyumba ya watu sita wenye majina tofauti, tarishi asipoliona jina lako anaweza kuirudisha kadi ilikotoka.

Omba muhuri wa ADIT

Hapa ndipo watu hukwama. Barua ya kupokelewa ya anayehuisha kadi iliyoisha muda husema kadi imeongezewa miezi 36, na mtu anaona mambo yameisha. Isome tena: inafanya kazi ikiambatana na kadi iliyoisha muda. Wewe huna kadi, kwa hiyo barua peke yake haikuvushi uwanja wa ndege.

Unachohitaji ni muhuri wa ADIT, ule muhuri wa muda unaothibitisha ukaazi, ambao kwa kawaida hutolewa kwa muda usiozidi mwaka. Omba miadi kwenye tovuti ya USCIS au piga 800-375-5283, ueleze kwamba kadi imepotea na huna ushahidi mwingine. Kama kuna safari, msiba au kazi inayosubiri, sema wazi na uwe na karatasi za kuonyesha. Afisa huamua kama utaitwa ofisini au utatumiwa kwa posta I-94 yenye muhuri na picha yako. Siku ya miadi beba barua ya I-90, pasipoti, kitambulisho na picha za pasipoti. Asiye na pasipoti asikate tamaa, muhuri huwekwa kwenye I-94.

Kazini

Kama tayari umeajiriwa na ulionyesha green card ulipoanza, mwajiri hapaswi kukukagua upya. Kwa kazi mpya, fomu I-9, ambayo mwajiri huitumia kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, inakuachia wewe uchague hati. Leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na masharti zinatosha, na mwajiri haruhusiwi kung'ang'ania green card. Isome kadi yako ya Social Security: ikiwa na maandishi kwamba inafaa kwa kazi kwa idhini ya DHS (wizara ya usalama wa ndani) tu, haitakubaliwa. Hapo tumia risiti ya I-90 ya kadi iliyopotea, inayokupa siku 90 za kuleta hati yenyewe, au muhuri wa ADIT.

Ukiwa nje ya Marekani

Usijaze I-90 ukiwa Nairobi au Dar es Salaam. Ukiwa umetoka Marekani chini ya mwaka mmoja, tumia I-131A, fomu ya kuomba hati ya kupandia ndege bila kadi. Unalipa dola 575 kwenye tovuti ya USCIS kwanza, unachapisha uthibitisho wa malipo, kisha unakwenda mwenyewe ubalozini kwa miadi. Kila mtu ana ombi lake, mtoto pia. Beba pasipoti, picha, nakala yoyote ya kadi, tiketi au muhuri unaoonyesha siku uliyotoka Marekani, na ripoti ya polisi kama kadi imeibiwa. Ukikubaliwa, hubandikwa karatasi kwenye pasipoti inayodumu hadi siku 30 kwa safari moja, kwa hiyo usikate tiketi ya mbali. Kwenda uwanjani na picha ya kadi kwenye simu ni kupoteza nauli, maana shirika la ndege hutozwa faini likimbeba asiye na hati.

Ukiwa umekaa zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi, I-131A haikufai. Utaomba viza ya mkaazi anayerejea kwa fomu DS-117, ukieleza kwa vielelezo kilichokuzuia kurudi.

Na ukifika uwanjani Marekani, afisa akikupa fomu I-407, jua kwamba ni ya kuacha ukaazi kwa hiari. Huna wajibu wa kuitia sahihi. Una haki ya kuomba suala lako lisikilizwe na jaji wa uhamiaji.